Vigoda Vitatu vya Baraza la Nyororo

Njia aliyopita Siwema binti Mshangama hadi kufika nchi ya Nyororo haina hadithi: vumbi, kiu, na kiatu kimoja kilichoachama mdomo. Hadithi iko huko alikofika. Inatosha kujua kwamba alikuwa seremala, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, na kwamba alikuwa amefukuzwa karakana tatu kwa kosa lile lile: mteja akimwuliza kama mbao hizi ni nzima, yeye alikuwa akimjibu. Baada ya karakana ya tatu alifunga zana zake kwenye sanduku, akajitwisha, akasema, "Wacha nitafute mahali ambapo hawajanijua."

Mpakani alimkuta afisa mmoja amekaa nyuma ya daftari kubwa, shavu la kushoto limemvimba kama aliyeficha andazi zima.

"Habari za hapa, bwana?"

"Nzuri sana," akajibu afisa, chozi likimlenga.

"Na hilo shavu?"

"Nalo zuri sana. Fungua sanduku, dada."

Siwema akafungua. Afisa akautoa msumeno, akauangalia, kisha akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: *Kifaa cha kuzishawishi mbao ziachane kwa amani.* Akashika nyundo, akaandika: *Kibembelezi cha misumari.*

"Bwana, huo ni msumeno," akasema Siwema.

"Tunajua, dada. Lakini neno lenyewe linakwaruza. Karibu Nyororo."

Hivyo ndivyo alivyoijua sheria kuu ya nchi ile kabla hata hajavuka mpaka. Wanyororo hawasemi uongo. Uongo kwao ni aibu kubwa, na anayebainika hupoteza kazi na hata wachumba. Ila wana sheria nyingine, fupi, ambayo watoto huikariri kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati: karatasi isitoke mezani ikiwa na makali zaidi kuliko ilivyoingia. Kila mwenye meza ana haki ya kulainisha neno moja. Moja tu. Na neno moja, watakwambia, halijawahi kumwumiza mtu.

Siwema alipanga chumba Bondeni, kijiji kilichoko chini kabisa ya ukuta mkubwa unaozuia ziwa la nchi ile. Wenyeji wake walikuwa Kidawa, mkaanga vitumbua mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mumewe Ngwali, mpimaji wa ukuta. Kazi ya Ngwali ilikuwa kupanda ukutani kila Jumatatu na kuangalia umefanyaje. Alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vya matope.

Asubuhi ya pili Ngwali alimjia na kipande cha mti.

"Shemeji, nichongee kabari. Pana zaidi ya niliyokuwa nayo."

"Ya kazi gani?"

"Kuna ufa kule juu. Naupima kwa kabari. Ikiingia yote ikapotea, najua ufa umeongezeka, natafuta kubwa zaidi. Ya mwisho ilikuwa vidole vitatu. Leo alfajiri imeniponyoka, ikazama ndani."

Siwema alichonga kabari ya vidole vinne, na pacha wake wa akiba. Wakapanda pamoja ukutani, na Ngwali akaisukuma. Ikakaa barabara, imebana, maji yakichuruzika kando yake kama jasho. Chini yao waliona paa za Bondeni, nguo kwenye kamba, na moshi wa karai la Kidawa.

"Mvua lini?" akauliza Siwema.

"Siku tisa. Kumi, Mungu akitupenda. Yale malango ya upande ule yakifunguliwa, maji hushuka chini ya ufa kwa siku sita. Lakini malango hayafunguliwi ila kwa amri ya Baraza, na Baraza huamua kwa ushahidi wa Idara ya Ukuta. Kikao ni Alhamisi hii. Wakisikia, tumepona. Wasiposikia..." Akaangalia paa la nyumba yake.

"Si uende ukawaambie mwenyewe?"

Ngwali akaonyesha viatu. "Barazani kuna zulia, shemeji. Mimi huandika tu. Atakayesema ni Mkurugenzi."

Aliandika pale pale, amepiga goti juu ya ukuta: *Ufa umefika vidole vinne. Maji yanapenya. Watu wa Bondeni wahame, na malango yafunguliwe kabla ya mvua.*

Siwema aliisoma mara mbili. Karatasi ilikuwa nzima, haina mchwa.

Ilitokea kwamba Idara nayo ilikuwa na droo zilizogoma kufunguka, wakatafuta fundi. Kwa hiyo Siwema alikuwa chini ya meza, bisibisi mdomoni, karatasi ya Ngwali ilipoanza safari yake juu ya meza nne za Idara.

Meza ya kwanza alikaa bwana mwenye miwani. Akasoma, akashtuka. "Ufa! Asubuhi yote hii?" Akafuta, akaandika *mstari*. Akapuliza wino ukakauka.

Meza ya pili alikaa mama mpole aliyekuwa akifuma. "Maji yanapenya. Hapana, mtu akisoma hivi atalala vipi?" Akaweka *kuna ubaridi*.

Siwema akatoa kichwa. "Mama, maji si yanapita kweli?"

"Yanapita, mwanangu. Na yakipita, hakuwi na ubaridi?"

Siwema akarudi chini ya meza, maana ubaridi ulikuwepo kweli. Alikuwa ameusikia kwenye vidole vyake.

Meza ya tatu hawakupenda *umefika vidole vinne*. Ukutani na vidole wapi na wapi? Wakaweka *unaendelea vizuri*, kwa sababu ufa ulikuwa unaendelea, na kwa mwendo mzuri. Meza ya nne ilikuwa ya mshairi aliyekosa wasomaji. Yeye aliona *wahame* ni neno la kufukuzana, akalipindua kidogo: wahame maana yake watu watembee, watembee maana yake kuna matembezi, na malango yakifunguliwa maana yake watu wanakaribishwa. Akaandika yote upya kwa hati ya maua, akagonga mhuri.

Jioni Siwema alimsomea Ngwali, akiwa amenakili nyuma ya kipande cha msasa:

"*Mstari wa ukuta unaendelea vizuri, kuna ubaridi wa kupendeza, na wananchi wanakaribishwa matembezini Bondeni kabla ya mvua.*"

Kidawa aliacha mwiko kwenye karai. "Wanakaribishwa waje wafanye nini? Wazame na sisi?"

"Nani kasema uongo hapo?" akauliza Ngwali kwa upole. "Nitajie mmoja, nikamshtaki."

Hakukuwa na wa kutaja. Hilo ndilo lililomkera Siwema. Alikuwa amezoea waongo. Mwongo unamshika shati. Hawa walikuwa watu wazuri, kila mmoja na kitambaa chake kidogo cha kufutia.

Alijaribu mlango wa mbele. Jumanne alimwendea Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Shekuwe, mtu mnene mwenye uso wa huruma, akamweleza habari ya kabari.

"Fundi, mimi sijasema uongo tangu nizaliwe," akasema Bwana Shekuwe, na ilikuwa kweli. "Mimi husoma. Ikiandikwa vizuri, nasoma vizuri. Na hii ya mara hii imeandikwa vizuri hata nimewaambia wanangu Alhamisi wakapunge upepo huko."

"Umewahi kuuona huo ukuta?"

"Kwa nini nikauone, na nina ripoti?"

Jumatano Baraza likamwita. Mwito wenyewe haukuhusu ukuta: kigoda cha shahidi kilikuwa kinayumba. Karani wa Baraza, Bwana Machano, alimpeleka ukumbini akamwonyesha. Kilikuwa kigoda cha fahari, kimevishwa mto wa mahameli. Siwema alikigeuza, akagonga mguu kwa kifundo cha kidole, unga ukamwagika sakafuni.

"Mchwa," akasema. "Mguu wote. Lazima niukate, nitie mwingine, gundi ikauke siku tatu."

"Kesho kuna kikao! Huwezi kusema kigoda kinapumzika tu kidogo?"

"Naweza. Na atakayekikalia atapumzika nacho sakafuni."

Bwana Machano alianza kuhema. Siwema akauvua ule mto ili aone mbao. Chini yake, kwenye kikalio, palikuwa na herufi zilizochongwa kwa patasi ya mtu aliyejua kazi: NIMEONA.

Seremala yeyote akiona kazi kama ile hujiuliza ilikuja na ndugu zake wangapi. Siwema akaanza kufungua milango. Cha pili alikikuta jikoni kimebeba chupa ya chai. Chini ya madoa kiliandikwa NIMEAMBIWA. Cha tatu kilikuwa nyuma ya pazia, kinazuia dirisha lisijifunge. Kilikuwa kipya kama kimetoka karakana leo, hakina hata mkwaruzo wa kukaliwa. Kiliandikwa SIJUI.

"Hivi ni vya nini?"

Bwana Machano akakohoa. "Ni sheria ya zamani, dada."

"Ilifutwa?"

"Hatufuti sheria hapa. Tuliilainisha." Lakini alikuwa karani wa kweli, na karani wa kweli hawezi kuiona sheria akajinyima kuisoma. Akatoa kitabu, akapangusa, akasoma kwa sauti iliyozidi kunyooka kila mstari:

"*Shahidi akae kigoda cha maneno yake. Aketiye Nimeona na hajaona, aende kwanza akaone. Aketiye Nimeambiwa, amtaje aliyemwambia, naye aitwe. Aketiye Sijui, Baraza zima lisimame kwa heshima yake, kwa kuwa amewaokoa na kubahatisha. Asiyekaa, asiseme.*"

Siwema akakiinua kigoda chenye mchwa.

"Hiki cha mahameli nakichukua nikakitengeneze," akasema Siwema. "Gundi ni gundi, sina ujanja nayo."

"Basi kesho vitabaki viwili," akasema karani polepole. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Bwana Machano alitabasamu bila kuwa na sababu ya kikazi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Spika, Bi Sikudhani, mwanamke mdogo wa mwili mwenye rungu kubwa, aliingia akaketi; karani alikwisha msomea sheria ya vigoda. Siwema aliruhusiwa kukaa pembeni juu ya sanduku lake la zana, kama fundi wa zamu, endapo vigoda vingesumbua. Ngwali na Kidawa walibaki nje kwenye kibaraza, upande usio na zulia.

Bwana Shekuwe aliingia na karatasi yake ya maua. Akafika mahali pake. Akasimama.

"Mkurugenzi, keti," akasema Spika.

"Mheshimiwa Spika, kigoda changu hakipo."

"Vipo viwili. Soma uchague."

Alisoma cha kwanza. Alisoma cha pili. Paji la uso likaanza kumetameta.

"Niseme nikiwa nimesimama?"

"*Asiyekaa, asiseme*," akasoma Bwana Machano kwa furaha isiyo ya kawaida.

"Kaa bwana, vigoda haviumi!" akapaza sauti mjumbe mmoja wa nyuma, ukumbi ukacheka. Bwana Shekuwe akakaa juu ya NIMEAMBIWA, akaisoma ripoti yake tangu mwanzo hadi mwisho. Wajumbe walipiga makofi. Mheshimiwa Kirungi, aliyekuwa na nyumba mlimani, alipendekeza jambo limalizwe, wakanywe chai.

"Bado," akasema Spika. "Umeambiwa na nani?"

"Na meza ya nne, Mheshimiwa."

"Aitwe."

Mshairi aliingia akidhani amekuja kupongezwa. Alikaa.

"Habari ya matembezi umeambiwa na nani?"

"Hilo nililainisha mimi. Neno moja tu! Nililetewa *wahame, na malango yafunguliwe*."

Makofi yalikuwa yameisha. Spika akaagiza karani aandike ubaoni neno la awali mahali pake.

"Na mengine?"

"Na meza ya tatu."

Meza ya tatu ikaitwa, ikakaa, ikarudisha *umefika vidole vinne*. "Neno moja tu," wakasema. Mama wa meza ya pili alikuja na ufumaji wake, akauliza kama ataruhusiwa kueleza kuhusu ubaridi. Hakuruhusiwa. "*Maji yanapenya*," akasema, sindano zikasimama. Bwana wa miwani alirudisha neno lake kwa sauti ndogo mno, Spika akamtaka alirudie.

"*Ufa*, Mheshimiwa."

Sasa ubaoni palisomeka alichoandika Ngwali akiwa amepiga goti. Ukumbi mzima ulisoma kimya kimya, midomo ikichezacheza, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Na wewe uliambiwa na nani?" Spika akamwuliza bwana wa miwani.

"Na mpimaji."

"Aitwe."

"Ana matope!" akaruka Mheshimiwa Kirungi. "Zulia hili, waheshimiwa, ni la tangu—"

"Zulia tutalifua!" Sauti ilitoka nje, na hakuna aliyekuwa na shaka ilikuwa ya nani, Bondeni yote huamka kwayo. "Sisi mkituzamisha, mtatufua?"

Ngwali akaingia, nyayo nyekundu zikimfuata mpaka katikati ya ukumbi. Akatazama vigoda. Akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa Spika, mimi sikuambiwa. Nimeona. Sasa sina pa kukaa."

Siwema alikwisha simama. Alilisukuma sanduku lake la zana kwa mguu, likateleza juu ya zulia hadi mbele ya Ngwali. "Kalia hilo, shemeji. Miguu yake mizima."

Ngwali akakaa. Akatoa kabari ya pili aliyochongewa, pacha wa ile iliyobaki ukutani, akaiweka mezani. "Ufa ni upana huu," akasema. Kabari ikapita mkono kwa mkono. Kila mjumbe aliweka vidole vyake juu yake, akahesabu.

Spika akamgeukia Mkurugenzi. "Bwana Shekuwe, ukuta huu utasimama siku ngapi?"

Bwana Shekuwe alikuwa anatazama kabari. Halafu akatazama saa ya ukutani, na uso wake wote ukaanguka.

"Wanangu wako huko," akasema. "Sasa hivi. Wamekwenda kupunga ubaridi."

Mtu yule mnene aliinuka, akapita kigoda cha NIMEAMBIWA, akapita karatasi yake ya maua iliyodondoka sakafuni. Akafika kwenye kigoda ambacho katika uhai wa wote waliokuwemo mle hakijapata kukaliwa na mtu. Akakaa. Kigoda hakikulia hata kidogo.

"Sijui," akasema Bwana Shekuwe. "Miaka ishirini na miwili nimekuja hapa kuwaambia habari za ukuta. Sijawahi kuuona. Sijui."

Bi Sikudhani aliweka rungu chini, akasimama. Bwana Machano akasimama. Kisha wakasimama mstari kwa mstari, viti vikikwaruza, hata Mheshimiwa Kirungi, aliyejikuta amekaa peke yake akaona haya. Baraza zima lilisimama kwa heshima ya mtu asiyejua, na Bwana Shekuwe akalia kama mtoto, ila kwa utulivu.

"Na wewe, mpimaji?" akauliza Spika, angali amesimama.

"Siku ngapi, hata mimi sijui, Mheshimiwa. Ninachojua, malango yakifunguliwa leo, siku ya sita maji yatakuwa chini ya ufa."

Kura ya kufungua malango ilipigwa kwa muda mfupi kuliko unaotumika kumimina chai. Bwana Shekuwe hakungoja hesabu. Alitoka mbio, na waliomwona wanasema hawakujua mtu wa umbo lile anaweza kwenda vile. Aliwakuta wanawe chini ya ukuta wanakula vitumbua vya Kidawa walivyokopeshwa asubuhi. Akawapandisha mlimani wote watatu, akarudi, akashika gurudumu la lango pamoja na Ngwali. Lilikuwa limeshika kutu. Siwema akalipiga na kile kibembelezi chake cha misumari, mara moja, mara mbili, likakubali. Maji yakatoka yakinguruma upande usio na nyumba, na Bondeni nzima ikapiga vigelegele huku imebeba magodoro.

Mvua ilinyesha siku ya tisa. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, kipande cha ukuta chenye urefu wa nyumba tatu kiliachia, kikaanguka ndani ya tope tupu, maji yakiwa mbali chini yake. Kijijini ulisikika mshindo mmoja, kisha vyura. Taarifa iliyofika Barazani juma lile ilipita meza zote nne bila kuguswa, na karani aliisoma hivi: *Ukuta umeanguka. Watu wote wazima. Hasara: kitumbua kimoja, kilichomponyoka Bi Kidawa kwa mshtuko.* Wajumbe walisimama tena, ingawa hakuna sheria iliyowataka.

Isidhaniwe kwamba Wanyororo waligeuka malaika. Mwezi haukuisha kabla mabwana fulani hawajaonekana nyuma ya ukumbi na ndoo, wakijipaka matope viatuni ili waonekane wametoka kuona. Bwana Machano aliwasubiri mlangoni. Matope ya ukutani ni mekundu. Ya ndoo yalikuwa meusi. Aliwapeleka mmoja mmoja kwenye NIMEAMBIWA, akawauliza waliambiwa na nani.

Siwema alikimaliza kile kigoda cha kwanza, mguu mpya, bila mto wa mahameli. Walimwomba akae Nyororo. Karakana, nyumba, kila kitu. Akasema amekaa mahali pamoja muda mrefu mno bila kufukuzwa, anaanza kuogopa. Kidawa alimfungia vitumbua vya njiani, akamgombeza mpaka machozi yakaisha. Ngwali alimpa kabari ya vidole vinne.

Mpakani alimkuta afisa yule yule na shavu lile lile. Afisa akafungua sanduku, akautoa msumeno, akauangalia kitambo. Akaandika: *Msumeno.* Akautazama mwandiko wake kama mtu aliyejifungulia dirisha.

"Habari za hapa, bwana?" akauliza Siwema.

Afisa akafungua mdomo kutoa lile jibu la siku zote. Akaufunga. Akashika shavu.

"Jino linaniuma, dada," akasema. "Linaniuma tangu mwaka juzi."

Siwema akaweka sanduku lake chini, akasimama wima mbele yake, kwa heshima. Kisha akauliza njia ya kwenda kwa mng'oa meno, wakaongozana.